Udongo Kabla ya Kidonge

Ungetaka kumjua Theodosia, ungemtazama akiuza parachichi. Pale Lusahunga, malori yaendayo mpakani Rusumo yakipunguza mwendo, akina mama hukimbilia madirisha na mabeseni yao, kila mmoja akitaja bei iliyo chini ya ya mwenzake, mpaka mwisho wote wamepata hasara na dereva anacheka. Theodosia hakukimbia. Alibaki ameketi juu ya kreti la soda, kisu mkononi, akila parachichi lake polepole na chumvi. Dereva mwenye njaa humwona anayekula kabla ya kumwona anayeuza. Atashuka mwenyewe. Na mtu akishashuka kwenye gari, alikuwa akisema, huyo amenunua tayari. Kilichobaki ni kumpa nafasi ya kulalamika.

"Mama, haya maparachichi yako ni ya dhahabu?"

"Ya dhahabu wanayo wale wanaokimbia. Mimi nina ya kula."

Alizaliwa Bugarama, upande wa Ngara, katika nyumba ya Wakatoliki waliolima maharage na migomba kwenye mteremko ambao hata mbuzi aliukanyaga kwa tahadhari. Alimaliza darasa la saba, akaolewa na Kazimili, akazaa binti mmoja, Keza. Kazimili alipanda lori la kwenda Kongo kutafuta madini. Mwaka wa kwanza alituma salamu, wa pili akatuma kimya. Theodosia hakukaa kumlilia. Alimbeba Keza mgongoni na beseni kichwani, akashuka Lusahunga, mahali ambapo hakuna anayemuuliza mwenzake katokea wapi mradi ana kitu cha kuuza.

Lakini kilichomjenga hakikuwa parachichi. Kilikuwa udongo.

Huko kwao Bugarama, nyuma ya kilima kimoja, kuna udongo laini wa rangi ya maziwa yaliyoingia majivu. Unachimbwa, unakandwa kwa maji, unafinyangwa vipande vya ukubwa wa kidole, kisha unakaushwa juu ya moshi mpaka unukie mvua ya kwanza. Wengine huuita pemba. Wajawazito huutafuna asubuhi kutuliza kichefuchefu, na wengine wakishajifungua hawauachi. Theodosia aliununua kwa wachimbaji, akaufunga kwenye magunia, akawauzia wachuuzi wa magulio yote mpaka Kaniha. Bidhaa haiozi, haina msimu, na mteja wake habishani bei kwa sauti, maana hataki kusikika. Udongo ni jambo la wanawake. Mwanamume akipita, kipande kinaingia kwenye pindo la kitenge, naye mwanamume mwenye adabu hutazama pembeni. Mambo hayo hayatajwi mbele yao.

Kutokana na udongo Theodosia alijenga nyumba ya tofali za kuchoma, akamsomesha Keza mpaka kidato cha nne, na Keza alipoota rovu, ule uvimbe wa shingoni, akampeleka kukatwa.

Rovu halikuwa ajabu kwao. Bibi zake wawili walizikwa nalo. Lakini la Keza lilikua haraka, likaanza kumkaba akilala. Katika hospitali kubwa Mwanza waliitoa tezi yote, na daktari wa huko akamwita mama pembeni.

"Tezi hii ndiyo iliyokuwa ikitengeneza homoni. Homoni hiyo ndiyo inayouambia moyo upige kwa kasi gani, mwili upate joto, akili iamke. Sasa haipo. Itabidi ameze homoni ya kidonge, kila asubuhi, maisha yake yote."

"Yaani mmemfukuza mpishi," alisema Theodosia, "sasa tunakula hotelini."

Daktari alicheka. "Kila siku, mama. Tumbo tupu, maji matupu, na asile kitu mpaka muda upite. Hakuna kusema nitakula kesho."

Keza alimeza. Alipona akabaki na kovu jembamba shingoni, kama alama ya uzi. Alikuwa na ulimi mwepesi kuliko wa mama yake. Madereva waliojaribu kumtania waliondoka wakitaniwa. Pancras, mkulima wa mahindi na mihogo wa Kaniha, alipoleta wazee wa posa, shangazi mmoja aligusia lile kovu ili mahari yashuke.

"Kovu ni risiti," Theodosia alimjibu. "Linaonyesha mali imetengenezwa. Ya kwenu haina risiti na bado mnataka tuiamini."

Wazee walicheka, mahari hayakushuka, na Keza akaenda Kaniha kuishi na Pancras na mama yake Pancras, mjane mtaratibu aliyeitwa Agness.

*

Mimba ya kwanza iliharibika huko huko Kaniha.

Theodosia alikuwa amemtembelea Keza kabla ya hapo, na alichokiona kilimtisha. Jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa, na Keza ameketi uani amevaa sweta. Uso umevimba, ngozi imekauka kama jani la mgomba. Sauti imekuwa nzito, ya mwanamume mwenye mafua. Ukimwuliza neno, alikutazama kwanza, kama mtu anayesubiri gari, ndipo jibu lije. Huyu ndiye aliyekuwa akijibu kabla hujamaliza kuuliza.

"Unameza dawa?"

Keza alimtazama kwanza. "Nameza, mama."

Mimba ikatoka. Keza akavuja damu nyingi mpaka akalazwa. Siku Theodosia alipofika Kaniha na kukuta majirani wamekusanyika uani, hakusalimia. Alimwendea Agness alipoketi.

"Mkwe, mwanangu nilikuletea mzima, anaongea kama redio. Mmemfanya gogo. Dawa zake mmezipeleka wapi?"

"Anameza, mkwe. Nampa maji mwenyewe. Mungu anaona."

"Mungu anaona, na mimi naona. Mmemnyima dawa."

Watu walisikia. Katika kijiji, maneno kama hayo hayahitaji kurudiwa, yanatembea yenyewe. Agness alijifunika kitenge mpaka machoni.

Keza alipopata mimba ya pili, Theodosia hakusubiri kuitwa. Alifika Kaniha na bodaboda mbili, moja yake, moja ya kubebea mgonjwa.

"Shikamoo mama," Pancras alisema.

"Marahaba. Nimekuja kumchukua mke wako. Sikuja kuomba."

Pancras alikuwa mtu wa kuumia kimya kimya. Alimtazama mkewe, akamtazama mama yake, akaingia ndani kufunga nguo. "Mtoto huyu azaliwe tu, mama," alisema akikaza kamba ya mzigo. "Akizaliwa hai, hata nikisemwa kwamba nimenyang'anywa mke, nitacheka."

"Atazaliwa hai," alisema Theodosia. Alisema kama anavyosema bei.

*

Sasa kazi ikawa yake. Hakumwachia mtu. Alfajiri, kabla majogoo hawajapokezana, aliketi ukingoni mwa kitanda cha Keza na kikombe cha maji ya kuchemsha yaliyopoa. Alitoa kidonge mwenyewe, akakiweka kwenye ulimi wa binti yake, akatazama koo likishuka. Akasema, "Panua." Akachungulia chini ya ulimi kama mnunuzi wa ng'ombe.

Tatizo lilikuwa kutapika. Asubuhi za mwanzo kidonge kilishuka na kurudi, cheupe, juu ya sakafu. Theodosia alikitazama na kuona hasara. Basi akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwao angefanya, ila yeye alikifanya kwa mpango wa mfanyabiashara: alichagua udongo bora kuliko wote, ule wa chini kabisa ya shimo, laini, usio na mchanga, ambao hauuzwi bali huwekewa watu wa nyumbani. Kabla ya kidonge, Keza atafune kipande. Tumbo litulie. Kisha maji, kisha kidonge.

Kutapika kukakoma siku ile ile. Kidonge kilishuka na kikabaki chini. Theodosia alijisifu moyoni. Madaktari wana dawa, alijisemea, lakini njia ya kuifikisha tumboni naijua mimi.

Keza akaupenda udongo ule. Tangu alipovuja damu Kaniha hamu yake ilikuwa haijaisha, na sasa ikazidi. Aliweka vipande chini ya mto. Mama akafurahi, mjamzito mwenye hamu ni mjamzito anayeishi.

Lakini sweta lilirudi. Uso ukaanza kujaa tena, mikono ikawa baridi kama ya mtu aliyetoka kisimani. Keza akawa analala akiwa ameketi, kichwa kimeegemea ukuta wa kibanda, parachichi mapajani, malori yakipita bila yeye kuinua jicho.

"Mwenzangu," alisema Genoveva, mwenye kibanda cha pili, mwanamke wa maneno mengi aliyejua habari za kila nyumba, "hiyo siyo dawa kukosekana. Huo ni mkono wa mtu. Na mtu mwenyewe yuko Kaniha."

"Nyamaza, Genoveva."

"Nanyamaza. Ila kumbuka nilisema."

Theodosia alisema nyamaza, lakini neno alilichukua akaliweka. Kumlaumu Agness kulikuwa rahisi, na rahisi huuzika haraka.

Walikwenda kliniki Biharamulo, kwa tabibu mmoja aliyeitwa Danstan, kijana mpole aliyependa kueleza mambo. Alichukua damu, akaipeleka kupimwa mkoani. Majibu yaliporudi alikunja uso, akaongeza dawa. Damu ikapimwa tena, na safari hii Danstan aliweka kalamu chini kabisa.

"Mama, nikueleze. Mwili ukipungukiwa homoni hii, ubongo hupiga kelele kuiita. Kipimo hiki kinapima zile kelele. Tumeongeza dawa, kelele zilitakiwa zishuke. Zimepanda. Na mjamzito anahitaji homoni zaidi ya mtu mwingine, maana mtoto naye anakopa kwa mama." Akamgeukia Keza kwa upole. "Dada, unazitupa dawa?"

Keza alimtazama. Jibu lilikuwa bado njiani.

"Hatupi," alisema Theodosia. "Nammezesha kwa mkono huu. Nachungulia mdomoni."

"Anakula nini kabla ya kidonge?"

"Hali kitu."

"Chai? Maziwa? Uji?"

"Daktari, hata mate hamezi. Tumbo ni tupu kama ngoma."

Na hakudanganya. Ungemkamata Theodosia ukamwapisha mbele ya altare, angesema hivyo hivyo. Udongo siyo chakula. Haupikwi, haupakuliwi, hauna sahani. Hakuna mwanamke wa kwao ambaye, akiulizwa umekula nini, angetaja udongo, kama vile hutaji moshi uliouvuta jikoni.

Keza alifungua mdomo. "Ila asubuhi," alianza, polepole, "kabla ya..."

"Ila asubuhi alikuwa anatapika," mama yake akammalizia, kwa haraka ya mtu aliyezoea kufunga biashara kabla mteja hajaghairi. "Hilo nimeshalimaliza."

"Umelimaliza vipi?"

"Ah, mambo ya wanawake hayo, daktari."

Danstan aliona haya, akatabasamu, akainama kuandika dawa ya nguvu zaidi. Keza alifunga mdomo. Sentensi aliyokuwa anaitafuta ikampotea, naye hakuwa na nguvu ya kuifuata.

*

Mtoto aliacha kucheza tumboni wakati wa kuvuna maharage. Keza hakusema. Hata kama alihisi, hakujua kwamba amehisi. Theodosia ndiye aliyeweka kiganja juu ya tumbo asubuhi moja, akasubiri, akakihamisha, akasubiri tena. Aliita gari la kwenda Biharamulo bila kuuliza nauli. Waliomfahamu walisema hapo ndipo walipojua kuna jambo.

Alikuwa mvulana. Alizaliwa kimya. Muuguzi alimfunga kwenye kanga, akamuuliza Keza kama anataka kumwona. Keza alitazama dari. Muuguzi akasubiri, kisha akamkabidhi bibi.

Theodosia aliifunua kanga. Hakulia. Alimtazama mtoto yule kwa makini, kuanzia juu hadi chini, kama anayetaka kuhakikisha hakuna kilichopungua. Hakikupungua kitu. Akamfunika.

Pancras alikuja kumchukua mtoto. Alimpakata kifuani ndani ya koti, akapanda nyuma ya bodaboda, akaenda kumzika Kaniha. Alipoaga, alimshika mkewe mkono. Keza aliuacha mkono ushikwe.

"Mwanamke gani huyu," mgonjwa wa kitanda cha jirani alimnong'oneza mwenzake, "kafiwa hana hata chozi."

"Wewe," Theodosia alimwambia kutoka alipoketi, "meza uji wako. Ya kwetu utayasikia ukipona."

Lakini jambo lenyewe lilimsumbua na yeye. Keza alikula akiambiwa ale, alilala akiambiwa alale. Mtoto hakumtaja.

Na asubuhi Theodosia aliendelea na kazi yake. Kipande kutoka pindo la kitenge, kisha maji, kisha kidonge. Asubuhi moja muuguzi wa kike, mtu mzima, aliingia mapema na kumkuta Keza akitafuna.

"Nini hicho cheupe kwenye meno?"

Theodosia aliangalia mlangoni. Hakukuwa na mwanamume. "Udongo tu, dada."

"Kabla ya dawa au baada?"

"Kabla. Ili asitapike."

Yule muuguzi aliketi kwenye kitanda, na wauguzi hawaketi kwenye vitanda. "Kila siku?"

"Kila siku. Mimi si mtu wa kusahau."

Danstan aliitwa. Safari hii haya hazikumzuia mtu. Alichukua kipande kile, akakitazama kiganjani.

"Mama, udongo huu unanata. Wewe unaujua kuliko mimi. Ukiuweka kwenye ulimi?"

"Unaushika ulimi."

"Ndivyo unavyokishika kidonge tumboni. Kinafika, lakini hakiingii kwenye damu. Vinakaa pamoja na vinatoka pamoja. Nilipoongeza dawa, niliuongezea udongo mzigo wa kubeba."

"Kipande kidogo hivi?" Mazoea ya kupatana bei yalimtoka kabla hajayazuia.

"Homoni anayohitaji kwa siku ni ndogo kuliko punje ya chumvi, mama. Kidogo hiki kwake ni mlima."

Theodosia aliuliza swali moja tu. "Mtoto amekufa kwa udongo?"

Danstan angeweza kumdanganya. Wengine wangefanya hivyo kwa huruma. "Siwezi kuapa kwamba ni huo peke yake. Mimba hupotea kwa mengi. Lakini mtoto anategemea homoni ya mama, na mama hakuwa nayo. Nami niliuliza chakula tu, sikuuliza udongo. Mama yangu mwenyewe anakula."

Keza alikuwa amelala pale pale, macho wazi. Yote yalisemwa mbele yake, na yote yalimpita kama malori.

*

Theodosia alikwenda Kaniha bila zawadi. Kwa desturi huendi kwa mkwe mikono mitupu, lakini aliona kwamba akibeba kitu ataonekana amekuja kununua. Agness alikuwa uani anapukuchua mahindi. Alimpa kigoda, akaendelea.

"Nimekuja kuyarudisha maneno niliyokusemea hapa mbele ya watu."

"Maneno hayarudi, mkwe. Siyo mabeseni."

"Najua. Nimekuja hata hivyo." Akamweleza yote, bila kupunguza: kipande, asubuhi, kidonge, na jinsi alivyomkatiza Keza mdomoni mbele ya tabibu.

Mikono ya Agness ilisimama juu ya gunzi. Aliinuka akaingia ndani, akatoka na mfuko mdogo wa plastiki. Aliuweka mapajani mwa Theodosia.

"Ile mimba ya kwanza, alikuwa anatapika. Nilimpa huu, kabla ya dawa. Nilikwenda gulioni nikauliza ulio bora. Muuzaji akaniambia, chukua huu wa Bugarama, mzigo wa mkwe wako mwenyewe."

Theodosia hakuhitaji kuufungua. Moshi wake aliujua.

"Nani alikwambia umtangulizie?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya kugomba.

"Mama yangu aliniambia mimi nilipobeba mimba ya Pancras. Wewe nani alikwambia?"

"Mama yangu."

Kuku walikuja kudonoa mahindi yaliyodondoka, hakuna aliyewafukuza. Theodosia alikuwa amepatana na madereva wa nchi tano, na wachimbaji, na askari wa barabarani, na hajawahi kuondoka mahali bila kujua nani kapata na nani kapoteza. Hapo alitafuta aliyepata, hakumwona.

"Nisamehe, mkwe."

"Ulinivua nguo mbele ya watu," alisema Agness. "Nitavaa. Ila nitavaa polepole."

Aliporudi Lusahunga, Theodosia alibeba magunia ya udongo yaliyobaki akayamwaga kwenye shimo la choo. Hakumwambia mtu sababu. Wachuuzi walipokuja aliwaambia kwamba ameacha, na kwamba yeyote anayemeza dawa yoyote asiitangulizie udongo. Wengine walisikiliza. Wengine walicheka: "Mama Keza, umejenga nyumba kwa huo, leo ndiyo una sumu?" Kabla gulio la pili halijafika, Genoveva alikuwa amewachukua wateja wote. Biashara haiachi pengo.

Keza sasa alimeza kidonge kwa maji tu, akakaa, jua likapanda ndipo akala. Upungufu wake wa damu nao ulitibiwa, kwa vidonge vingine vya jioni, mbali na vile vya asubuhi, maana Danstan alisema hivyo navyo vinagombana. Mwanzo hakikuonekana kitu. Kisha sweta likavuliwa. Uso ukaanza kupata kona zake. Siku moja dereva mmoja alibonyeza parachichi moja baada ya jingine, na sauti kutoka ndani ya kibanda ikamwambia, "Kaka, hayo ni matunda, siyo matairi." Theodosia aligeuka nusura ajikate kisu. Mwanangu anarudi, alijisemea. Alifurahi. Hakufikiri kwamba anayerudi hurudi na mizigo yake yote.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya kawaida, malori yamepanga foleni, wateja wengi. Keza alikuwa akiosha mabeseni. Akaacha.

"Mama. Alikuwa na nywele?"

Theodosia angeweza kuuliza nani. Hakuuliza. "Alikuwa nazo. Nyingi. Nyeusi."

"Na kucha?"

"Na kucha. Hakupungukiwa kitu."

"Nilitazama dari," alisema Keza. "Walinipa nimwone, nikatazama dari." Maneno yalikuwa yanakuja kwa kasi yake ya zamani, moja likilisukuma jingine. "Pancras alikuwa na koti. Alimweka ndani ya koti. Niliona, mama, niliona yote, ila ilikuwa kama naona ya watu wengine. Na daktari alisema udongo. Ulikuwa ni ule wako?"

"Ulikuwa wangu. Niliuchagua mwenyewe."

Keza aliketi chini pale pale kwenye maji ya kuoshea, akalia. Hakulia kama mtu aliyekumbuka jambo. Alilia kama mtu aliyeletewa habari saa hiyo hiyo, kwa mayowe, mikono kichwani, hadi akina mama wenye mabeseni wakaacha madirisha ya malori na kugeuka. Theodosia alinyoosha mkono. Keza akausukuma. Theodosia akaurudisha kwake na hakuunyoosha tena. Hakumwambia nyamaza. Danstan alikuwa amemweleza mengi kuhusu dawa ikiingia mwilini: moyo, joto, akili. Hakumwambia kwamba hata kilio kilikuwa kinaingojea dawa ile.

"Ndiyo kwanza nafika msibani, mama," alisema Keza alipopata pumzi. "Kila mtu ameshaondoka."

Theodosia alisimama. Alifunika parachichi kwa gunia, akafunga kibanda mchana kweupe. Akampigia simu Agness.

"Mkwe, acha unachofanya, njoo na Pancras. Ameanza kulia."

"Tunakuja," alisema Agness.

Theodosia alitandika mikeka uani kwake. Akakoka moto wa nje, kama inavyofanywa nyumba inapofiwa, akaweka sufuria ya maji. Genoveva alifika mbio, kitenge kimemwanguka begani.

"Mama Keza! Moto, mikeka! Nani amekufa?"

"Mjukuu wangu."

"Mjukuu yupi? Si alizikwa tangu wakati wa maharage?"

"Alizikwa," alisema Theodosia. "Mama yake amepata habari leo. Vua viatu, kaa."

Genoveva alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza Theodosia alimwona akiufunga bila kusema kitu. Alivua viatu. Akaketi kwenye mkeka karibu na Keza, akaanza kulia naye.